Mastaa Wanaposti Rumu za Hoteli Zenye Kasino, Nyie Mnauliza Bei. Ulizeni Kwanza Lifti Inafungukia Wapi!

Wadau, inboksi yangu tangu wiki iliyopita imejaa swali moja tu. Kuna staa wetu mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, kaposti video yuko kitandani, kitanda kipana kama uwanja wa Jamhuri, nyuma dirisha la kioo linaonyesha bahari, pembeni mrundo wa chipsi za kasino (siyo chipsi mayai, zile za plastiki za kuchezea). Chini kaandika: wikiendi ya wakubwa, rumu ya bure. Siku mbili baadaye mwigizaji mmoja wa kike, naye jina kapuni, kaposti dirisha lile lile, pazia lile lile. Mkaanza ramli zenu.

Hiyo ya nani kalala na nani mtanisamehe, leo siigusi. Mimi nimebaki kwenye komenti. Watu wanauliza hoteli gani hiyo, usiku mmoja bei gani, na mimi besidei yangu lazima niende. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini rumu ilikuwa ya bure. Yaani kwenye komenti zote zile, hakuna!

Basi leo najibu swali lenu, ila sijibu kwa jina la hoteli. Msimamo wangu ni huu: kama unataka kwenda kula bata sehemu yenye kasino, hoteli sahihi ni ile ambayo hata kasino ikifungwa wiki nzima bado ungefurahi kulala pale. Na kitanda ukilipie mwenyewe, kwa hela yako, kabla hujatoka nyumbani. Ukipewa bure, kuwa makini mara mbili.

Nieleze kwa nini. Hoteli ya kawaida inaishi kwa kuuza vitanda, chakula na vinywaji. Hoteli yenye kasino nayo inauza hivyo vitu, lakini kwake kitanda kinaweza kuwa chambo tu. Wakiona hesabu inawalipa, wanakupa rumu bure, wanakupa msosi, wanakupa mpaka gari la kukutoa eapoti, alimradi ubaki karibu na meza. Siyo ukarimu, wala siyo uchawi. Ni hesabu ya darasa la saba.

Chukua ruleti, lile gurudumu lenye kijipira. Gurudumu la Kizungu la kawaida lina namba 0 mpaka 36, jumla 37. Ukiweka hela kwenye namba moja ikatoka, unalipwa mara 35. Umeona pengo? Namba ziko 37, malipo ni 35 na hela yako uliyoweka unarudishiwa. Pengo hilo ndilo mshahara wa nyumba, na ukilipiga linakuja kama asilimia 2.7 ya kila unachoweka. Kuna gurudumu la Kimarekani lenye sifuri mbili, namba 38, malipo yale yale 35. Hapo nyumba inakula asilimia 5.26. Sifuri moja tu imeongezeka na ukatwaji umekaribia mara mbili.

Sasa tuseme unaweka buku tano kila mzunguko, na gurudumu linazunguka mara 40 kwa saa. Umepitisha mezani laki mbili. Kwenye sifuri mbili, wastani wa kuliwa ni 10,520 kwa saa. Cheza saa nne kila usiku kwa usiku tatu, ni 126,240. Staa wetu yeye hawezi kuweka buku tano, kamera zinamuangalia. Yeye anaweka elfu hamsini. Zidisha mara kumi: milioni moja, laki mbili na elfu sitini na ushee. Ni wastani, lakini. Usiku mmoja anaweza kutoka na mkwanja akarusha video, usiku mwingine akatoka bila nauli na huo hautauona popote. Ila watu wa kasino hawaangalii usiku mmoja. Wanaangalia unaweka kiasi gani, unacheza saa ngapi, wanapiga hesabu kama hii niliyopiga mimi, halafu wanakata kipande cha hiyo hela wanakurudishia kama rumu. Rumu ya bure kailipia. Pengine kailipia mara mbili.

Halafu kuna la pili ambalo wengi hamlifikirii. Staa akiposti dirisha na pazia, ile posti yenyewe ni malipo. Ana wafuasi kibao, hoteli imepata tangazo. Wewe mwenye wafuasi 412 na nusu yao ni ndugu zako, nani atakupa rumu kwa ajili ya posti? Kwa hiyo usiige bei ya mtu ambaye bidhaa yake ni jina lake.

Najua wapo wanaosema muda huu: huyu mshamba wa Dumila atatuambia nini kuhusu kasino? Kweli, Dumila hatuna kasino. Tuna njia panda, mabasi ya Dodoma yanasimama, nyanya na vitunguu vinapandishwa madirishani, basi limeondoka. Lakini tuna dubwi. Na mtu aliyekaa karibu na dubwi miaka mitano anaijua kasino vizuri kuliko mnavyodhani.

Dubwi, kwa wale wa Masaki msiolijua, ni ile mashine ya taa za rangirangi inayokula sarafu ya mia mbili. Angalieni inapowekwa. Haiwekwi porini. Inawekwa nje ya duka ambalo lazima ukanunue vocha, pembeni ya mama ntilie ambaye lazima ule kwake, mlangoni kwa kinyozi ambaye lazima usubiri foleni. Bodaboda anakwenda kununua andazi, chenji yake ni mia mbili, mashine iko hatua mbili. Hakuondoka kijiweni kwake akisema naenda kucheza. Alikwenda kununua andazi.

Hoteli yenye kasino ni kitu kile kile, ila kimewekewa zulia.

Ndiyo maana nasema swali la kwanza siyo bei, ni mlango. Ukishuka na lifti kutoka rumu yako, inafungukia wapi? Ukienda kunywa chai asubuhi, unapita wapi? Ukitoka nje kupanda gari, unapita wapi? Kuna hoteli kasino ina mlango wake wa barabarani, iko jengo la pembeni, au iko ghorofa ambayo huna shughuli nayo. Ukitaka kwenda, unavaa, unaamua, unakwenda. Na kuna hoteli ambapo huwezi kwenda kula bila kupita katikati ya mashine zinazolia. Ndani huko ukitafuta saa ya ukutani utaisaka, dirisha utalisaka. Saa tisa usiku na saa tatu asubuhi zinafanana. Watu waliopanga hivyo walikaa chini wakafikiria, hawakukosea.

Picha za kwenye mtandao hazikuonyeshi hili. Picha zinaonyesha kitanda. Piga simu mapokezi, uliza kama mtu mzima: kasino iko ghorofa gani, na mimi nikitoka rumu yangu kwenda kula napita wapi. Uliza pia kama rumu yako iko juu ya ukumbi, maana moshi wa sigara na muziki vinapanda juu.

Swali la pili litakuchekesha. Uliza maji ya kunywa.

Kuna jamaa wa hapa Dumila, kijana mwenzetu, simtaji na hoteli siitaji. Mwaka ule mpunga ulikubali. Akauza, akatenga ya mbolea na dawa ya msimu unaofuata, akatenga ya mama yake, halafu akasema kiasi kilichobaki nampeleka bebi wangu Dar, besidei yake, usiku tatu. Jambo jema kabisa, kijana wa kijijini naye ana haki ya kulala kwenye shuka nyeupe. Akaona ofa mtandaoni: hoteli yenye kasino, bei imeshuka kuliko hoteli zote za jirani, na ukifika unapewa chipsi za laki moja za kuchezea. Akalipia palepale.

Alichokuwa hajasoma ni kwamba zile chipsi za zawadi hazibadilishwi kuwa hela. Unazicheza, ukishinda ndiyo unachukua ulichoshinda. Yaani kitu pekee unachoweza kufanya na zawadi ile ni kukaa mezani.

Usiku wa kwanza walishuka pamoja, wakacheza za zawadi, wakacheka, wakashinda elfu arobaini, wakala kuku. Safi. Usiku wa pili saa nane dada kalala, jamaa kiu kimembana. Rumuni maji ya bure hakuna, ya kwenye kifriji bei imeandikwa kwenye karatasi, akaona hapana, bora nishuke nikanunue nje. Lifti ikafunguka. Mbele yake ukumbi, wahudumu wanagawa maji na soda bure kwa anayecheza.

Akanywa maji. Mnaelewa mwenyewe yaliyofuata. Kufika saa kumi na moja alfajiri ile elfu arobaini imeondoka, ya matumizi imeondoka, na kwenye simu ameshatoa ya mbolea, maana mbolea ilikuwa kwenye simu ile ile. Dada ndiye aliyempigia dada yake Morogoro awatumie nauli. Walirudi wakiwa wamekaa viti tofauti. Msimu uliofuata shamba lake lilipandwa bila mbolea, na mama yake mpaka leo anajua mwanaye aliibiwa simu Kariakoo.

Siku moja akaniambia kitu ambacho sijakisahau. Anasema, "Kaka, mimi sikwenda kucheza. Nilikwenda kunywa maji." Yule wa andazi na huyu wa maji ni mtu mmoja.

Kwa hiyo mtu akiniambia hoteli nzuri kwa sababu ina nyota tano, namuuliza chupa mbili za maji ziko rumuni au hazipo? Chai ya asubuhi imo kwenye bei? Chai mwisho saa ngapi? Kuna birika la kuchemshia? Kuna duka la nje ambalo halifungi? Ukiona hoteli imekunyima vitu vidogo vyote rumuni na kuvijaza bure kule chini, ujue wanakuita. Na wewe hela ya safari iache kwenye laini moja, ya mbolea, ada au kodi iache kwenye laini nyingine, na hiyo laini ibaki nyumbani kwa mtu mkorofi. Kwetu tunawajua wakorofi.

Mambo mengine ya kuchagua hoteli nitayapitia haraka, maana haya mnayajua. Dhamana ya mapokezi uulize mapema, kuna sehemu wanashikilia hela yako mpaka unapoondoka. Uliza usafiri wa usiku, siyo kila sehemu utapata bajaji saa tisa. Na bei: tangu mwishoni mwa Machi 2025 kanuni za serikali zinakataza kutangaza na kutoza bei kwa fedha za kigeni hapa nchini. Ukitajiwa dola kwenye hoteli ya Dar, omba bei ya shilingi, usione aibu. Kitambulisho beba pia. Chini ya miaka 18 huruhusiwi kucheza, hiyo ni sheria na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ndiyo inayosimamia leseni, kwa hiyo kama mnakwenda na wadogo zenu wa fomu tatu mjue watabaki rumuni.

Haya, sehemu zenyewe. Bongo hatuna mji wa kasino kama Las Vegas ya Marekani. Tuna hoteli za mjini ambazo kasino imo au iko jirani. Posta pale New Africa imejulikana kwa kasino yake miaka mingi, na ina historia: Wajerumani walijenga hoteli sehemu hiyo mwaka 1906 wakaiita Kaiserhof, jengo la leo ni jipya. Faida ya Posta ni kwamba ukitoka nje una mji: feri ya Kigamboni, boti za Zanzibar, Makumbusho ya Taifa, samaki wa feri. Kwa kipimo changu cha kasino ikifungwa, Posta inapita. Na kasino nyingine Dar haziko hotelini kabisa, zina majengo yao, mfano ile ya Upanga inayojiita Las Vegas. Mimi hizo ndizo nazipendekeza kwa wenye kiu ya kuona: lala kwingine, nenda saa mbili usiku na hela ya mfukoni tu, ikiisha panda Bolt urudi ukalale. Umbali ule wa Bolt ndio utakaokuokoa. Dakika kumi za barabarani mtu anafikiria mambo mengi.

Na nauli ya kufika Dar siku hizi siyo hadithi. SGR ilipoanza mwaka 2024, Moro kwenda Dar treni ya kawaida ilikuwa 13,000. Ukitoka Dumila unapanda gari mpaka Moro, unaunganisha.

Nairobi kuna Safari Park, barabara ya Thika, ile hoteli ya wale wahudumu wacheza dansi waliotrendi mwaka 2021. Imejulikana kwa kasino, lakini ina bustani kubwa, nyama choma, bwawa. Mtu anaweza kumaliza siku tatu bila kujua ruleti inafananaje. Pwani ya Kenya, Diani, Leisure Lodge nayo imejulikana kwa kasino, pembeni gofu na bahari. Bahari ni mpinzani mzuri wa kasino, inafungua asubuhi na ni bure.

Ila mfano ninaoupenda ni Sun City ya Afrika Kusini, na Mtanzania haombi visa kule kwa safari fupi. Sol Kerzner aliifungua mwaka 1979, na aliiweka Bophuthatswana kwa sababu Afrika Kusini ya makaburu ilikuwa imekataza kamari, Bophuthatswana ikahesabiwa na wao kama nchi nyingine. Yaani watu waliendesha gari masaa mawili kutoka Johannesburg kwenda kufanya kilichokatazwa nyumbani. Ndani ya Sun City moja kuna hoteli nne. Soho ndiyo ya kwanza, ilijengwa kasino ikiwa ndani yake. Kuna Cascades, na The Palace ilifunguliwa 1992, hiyo ndiyo mnaiona kwenye picha ina minara na sanamu za tembo. Halafu kuna Cabanas, ya familia, imekaa upande wa ziwa, na ndiyo ya bei nafuu kati ya zote. Mastaa wetu wakienda wanapiga picha The Palace. Mimi ningelala Cabanas na ningekwenda The Palace kupiga picha. Picha haijui umelala wapi.

Na niwaambie kitu cha wenye kasino wenyewe. Singapore walipofungua Marina Bay Sands mwaka 2010, mgeni mwenye pasipoti akawa anaingia kasino bure, raia wao analipa dola 100 za kwao mlangoni kwa siku. Mwaka 2019 wakapandisha ikawa 150. Monaco ndiyo kabisa, raia wake haruhusiwi kucheza kwenye kasino ya Monte Carlo. Wenye mali wanawazuia watoto wao mlangoni, wewe unatafuta hoteli ambayo mlango haupo!

Sisemi msiende. Mimi siyo shehe wala mchungaji, na bata ni haki ya kila aliyefanya kazi. Kuna watu wanaweka elfu ishirini, wanacheza, zinaisha, wanaagiza soda, wanakwenda kulala, na wamefurahi. Safi sana. Nawasema mnaochagua kitanda kwa kuangalia pazia la staa.

Nimalizie na dada mmoja wa Moro aliyeniandikia juzi. Desemba anakwenda pwani na mumewe, miaka mitano ya ndoa, wamechanga kwenye kikoba mwaka mzima. Alikuwa ameshaichagua hoteli yenye kasino kwa sababu ya ofa. Nikamwambia apige simu aulize lile swali la lifti. Akapiga. Anasema dada wa mapokezi alicheka, akamuuliza, "Kwani unakimbia nini, dada?" Akarudi kuangalia ramani, akapata hoteli nyingine mtaa wa pili, ghali kwa elfu thelathini kwa usiku, maji rumuni chupa mbili kila siku. Mumewe amenuna kidogo kuhusu hiyo elfu thelathini. Ameshalipia.